Waya Mweusi wa Kiptum

Mashine ilizimika Alhamisi saa tisa mchana, mara ya tatu wiki hiyo. Molly akabaki ameshika maiki, mdomo wazi katikati ya wimbo.

"Imekufa tena," akasema. "Hii kitu inaogopa mvua kuliko mimi siku nimetengeneza nywele."

Kwaya ikacheka. Molly ndiye anayeongoza kwaya yetu, na ulimi wake hauna breki. Lakini Mzee Kipkoech, mwenyekiti wa kamati ya vyombo, hakucheka. Alisimama mbele ya amplifaya mpya, mikono nyuma, akaitazama vile mtu anatazama ng'ombe aliyeuziwa kwamba ana mimba, kumbe hana.

Mimi nilikuwa mlangoni na fagio, nikisukuma maji yasiingie. Ufunguo wa kanisa ninao tangu mume wangu Kiptum afariki, miaka sita sasa. Mtu wa mlangoni huona mengi kwa sababu hakuna anayemwangalia, na siku hiyo niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Matone ya kwanza yalipogonga bati, mashine haikuzimika. Ilikuwa inanguruma vile imenguruma tangu iletwe, kama nyuki ndani ya mzinga, lakini iliendelea. Ilizimika baadaye, wakati mfereji wa bati ulipojaa na maji yakaanza kuteremka kwa bomba la chuma kuingia kwa tangi. Hapo ndipo taa nyekundu iliwaka na sauti ikakatika. Jumatatu ilikuwa hivyo. Jumanne pia.

Niliendelea kufagia, lakini fagio lilikuwa likirudi mahali pale pale.

"Jumapili Askofu anakaa hapa," Mzee Kipkoech alisema. "Watu watajaa mpaka nje kwa hema. Wakae huko nje wasikilize nini? Nyuki? Ratemo alituambia hii ni mashine ya kisasa, nyepesi, haili umeme. Ametuletea kitu kibovu. Jumapili nitasimama niseme jina lake mbele ya kanisa, ili mtu asimpelekee hata tochi."

"Hata tochi," Molly akarudia, na vidole vyake tayari vilikuwa kwa simu.

Ratemo ni fundi wa redio na televisheni pale Sotik. Ni Mkisii, si wa kabila letu. Alikuja upande wetu akiwa kijana na akajifunza kazi katika kibanda cha Kiptum, miaka minne kwa meza moja, akila kwangu mchana. Yeye ndiye alitutafutia mashine hii baada ya ile ya zamani kuungua wakati wa Pasaka. Ile ya zamani ilikuwa nzito kama gunia la majani mabichi ya chai, watu wawili kuibeba. Hii mpya niliishika kwa mkono mmoja nikadhani ni sanduku tupu.

Watu walipotoka nikabaki kufunga madirisha. Nyuma ya mimbari, ukutani, kuna sanduku dogo la mbao ambamo nyaya za spika huingia kabla ya kupanda darini. Kiptum alilitengeneza kwa mkono wake, akaweka kibati chenye jina lake, na siku ya kuzinduliwa pasta wa wakati huo aliliwekea mkono akaliombea. Ndani mna skrubu mbili, moja ya waya mwekundu na moja ya waya mweusi.

Nililitazama lile sanduku, kisha nikatazama juu mahali mvua ilikuwa inapiga. Nikakaa kwa benchi la wazee.

Nilikuwa nimeshika ngazi siku ile. Hicho ndicho nilichokumbuka.

*

Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita, bati likiwa jipya bado linaumiza macho. Kanisa lilimpa Kiptum roli la waya pacha, mwekundu na mweusi umeshikana, apeleke kwa spika nne za honi zilizo pembeni mwa paa. Kila honi nyaya mbili, ya kwenda na ya kurudi. Yeye akaupasua ule waya katikati kama mtu anayepasua ganda la maharagwe. Mwekundu akaupeleka kwa honi zote. Mweusi akaukata kipande kifupi tu, akaufunga kwa msumari wa bati, na kule kwa kila honi akafanya vile vile, akafunga kwa bati kipande cha inchi chache.

"Na ule mwingine?" nilimuuliza kutoka chini.

"Bati ni waya mpana tu, Elmina," akasema. "Unapita juu ya kanisa lote. Kwa nini nirudie kazi ambayo bati inafanya?"

Jioni akaja nyumbani na mweusi uliobaki, roli zima, ndani ya koti. Akaufunga kutoka kona ya jikoni mpaka kwa mti wa msindano. Tangu anioe nilikuwa nikianika nguo kwa ua wa miiba, na kila wiki nilikuwa nashona kitu kilichoraruka. Nililia kidogo, kwa furaha. Alinifuta na kiganja akaniambia hakuna atakayejua tofauti.

Na kweli hakuna aliyejua. Miaka kumi na tisa mashine ya zamani iliimba bila shida, na mimi nilianika. Siku ya mazishi ya Kiptum, Mzee Kipkoech alisimama hapo mbele akasema huyu ndiye mtu ambaye hakuwahi kugusa kitu cha kanisa kwa mkono mchafu. Gauni langu la siku hiyo lilikuwa limekauka kwa waya wa kanisa.

*

Ijumaa sikuchuma majani sawasawa. Badala ya majani mawili na kichipukizi, mkono ulikuwa unavuta hata yale magumu, na karani wa kituo cha kununulia chai angenirudishia nusu. Nikaacha kikapu kwa jirani nikaenda Sotik. Nilijiambia labda nimekosea. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, sijui mambo ya mashine mpya. Labda ni mbovu kweli, na mimi nazunguka na dhambi ambayo haina kazi.

Nilifika kwa kibanda cha Ratemo wakati mwanamume mmoja wa upande wetu alikuwa anatoka na redio yake kwapani, mfuniko bado umefunguliwa, nyaya zinaning'inia.

"Haijaisha," Ratemo alikuwa anamwambia.

"Wacha tu," yule akasema bila kugeuka. "Nitajaribu kwingine."

Ratemo aliponiona akavuta kigoda akakipangusa kwa shati.

"Mama, karibu. Huyo ni wa tatu leo. Sijui kumeingia nini."

Mimi nilijua. Simu ya Molly.

Amplifaya ya kanisa ilikuwa juu ya meza yake. Mzee Kipkoech alikuwa ameituma asubuhi kwa boda, na maneno kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Ratemo alikuwa ameiunganisha na honi moja iliyoning'inia kwa ndoana, na wimbo ulikuwa unatoka. Nilisikiliza. Nilisogeza sikio karibu na mdomo wa honi. Hakuna nyuki. Kati ya wimbo mmoja na mwingine palikuwa kimya kama kisima.

"Unasikia?" akasema. "Hapa inaimba. Nikiipeleka kanisani inalia. Nimeifungua mara tano. Mama, mimi si mwizi."

"Najua, Ratemo."

"Mzee anasema mimi mwizi."

"Nielezee vile inafanya kazi," nikamwambia. "Polepole, kama vile mwalimu wako alikuwa ananielezea."

Akacheka kidogo, ya kwanza siku hiyo. Akachukua nyaya mbili zilizokuwa zinatoka kwa mashine kwenda kwa honi.

"Ile ya zamani, waya mmoja ulikuwa unafanya kazi na mwingine umelala. Ule mweusi ulikuwa umeshikana na mwili wa mashine, haufanyi chochote, ni njia ya kurudi tu. Hii mpya, zote mbili zinafanya kazi. Huu ukisukuma, huu unavuta. Na ndani kuna swichi ndogo sana zinafunga na kufungua, mara laki nyingi kwa kila sekunde. Ndiyo maana ni nyepesi na haipati joto. Lakini hizo swichi zinatikisa nyaya zote mbili, kila wakati."

"Na mbona sisikii huo mtikisiko?"

"Kwa sababu unatikisa zote mbili sawa. Honi haisikii kitu ambacho kiko sawa pande zote. Honi husikia tofauti tu, kati ya huu na huu."

Nikafikiria sufuria kubwa ya chai ya kanisa, ile ya mishikio miwili. Mimi na Molly tukiibeba kupanda mlima, mlima unatupandisha sote wawili, na chai haimwagiki. Mmoja akikanyaga shimo, ndipo inamwagika. Nikamwambia hivyo.

"Haswa, Mama," akasema. "Shida si kupanda. Shida ni mmoja kupanda bila mwenzake. Kwa hivyo mimi nazisokota nyaya, ili kila kitu kinachopata huu kipate na huu." Akanionyesha. "Kisha nazipitisha zote mbili kwa pete hii." Ilikuwa pete nyeusi, nzito, kama ya udongo uliochomwa. "Zinapita pamoja, upande mmoja, mizunguko sawa. Wimbo unapita bila shida kwa sababu unaenda kwa huu ukirudi kwa huu. Lakini ule mtikisiko wa kwenda pamoja, pete inaukataa. Ukipitisha mmoja kwa pete yake na mwingine kwa pete yake, umeharibu, hata wimbo unazuiliwa. Lazima ziwe pamoja."

Nilitazama ile pete muda. Kisha nikauliza.

"Na waya mmoja ukifungwa mahali? Tuseme kwa kitu kikubwa cha chuma."

"Ah, hapo umemaliza mashine. Huo umeshikwa, hauwezi kuruka tena. Kwa hivyo mashine yote inaruka kwa niaba yake, na maiki pia, kwa sababu imeshikana na mashine. Ndiyo mngurumo huo. Hicho chuma kinakuwa kama mnara, hata redio za majirani zitalia."

Tangu mashine mpya ije, redio ya Molly imekuwa ikikoroma kila kanisa likiwasha. Alikuwa amelalamika mbele ya watu wote.

"Na hicho chuma kikilowa maji mpaka kwa udongo?"

"Inajizima ili isiungue. Taa nyekundu." Akanitazama. "Lakini ni nani anaweza kufunga hivyo? Hata mwanafunzi hawezi."

"Sanduku la ukutani ulilifungua?"

"Sanduku la mwalimu?" Akaweka pete chini. "Mzee Kipkoech alinikataza. Na hata kama angeniruhusu, Mama, ningetafuta nini humo? Nilimuuliza mwalimu mwenyewe siku alipozifunga. Aliniambia zimeenda mbili mbili mpaka kwa kila honi. Mimi naishia pale kwa skrubu zake. Kutoka hapo kwenda juu siwezi kushuku."

Mdomo wangu ulikuwa umefunguka kumwambia. Nilikuwa nimekaa kwa kigoda chake, na jina lake lilikuwa linatoka kwa simu hadi simu. Lakini niliona kibati cha Kiptum kile cha zamani ambacho Ratemo amekitundika juu ya meza yake, kile cha kibanda cha kwanza, amekipaka mafuta kisishike kutu. Nikasimama, nikasema nimechelewa kukamua.

*

Jioni ile sikuweza kukaa. Nilikaa nikasimama. Nilifungua Neno nikasoma mstari mmoja mara nne bila kuuona. Nilipiga magoti, na nilipofika kwa kusema Baba, nikasikia yule mwanamume akisema wacha tu, nitajaribu kwingine. Nikainuka nikaenda nje kutoa nguo.

Waya mweusi ulikuwa hapo, umepasuka ngozi kwa jua la miaka, shaba inaonekana mahali mahali imekuwa kijani. Sare yangu ya umoja wa akina mama ilikuwa imening'inia, imepigwa pasi na upepo. Nikamwambia Kiptum, kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu: ulinipa kitu kizuri. Lakini sasa mtu mwingine anakilipia.

Nikakunja sare.

*

Jumamosi ni siku yangu ya kusafisha kanisa. Nilifika mapema na bisibisi ya Kiptum ndani ya ndoo, chini ya matambara. Nilifagia kwanza, sijui kwa nini. Kisha nikafungua sanduku.

Waya mwekundu ulikuwa mmoja, umepanda. Mweusi ulikuwa mmoja, umepanda. Kwa macho tu, sanduku lilikuwa safi kuliko nyumba yangu. Kwa hivyo nikaleta ngazi ya kanisa, nikasukuma ubao wa dari ulio juu ya mimbari, nikaingiza kichwa. Palikuwa na vumbi na harufu ya popo. Nikamulika kwa simu. Ule mweusi ulipanda kiasi cha mkono wangu mmoja, ukafika kwa msumari wa bati, ukaishia hapo. Alikuwa ameuzungusha mara tatu, vizuri, kwa ustadi, na kuukaza na kipande cha mpira. Mkono wake niliujua hata katika hilo.

"Mama Winny. Shuka."

Mzee Kipkoech alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Winny ni binti yangu wa kwanza, na huku kwetu, tangu Kiptum afariki, jina langu halisi hulisikia kwa hospitali tu.

"Chamgei, Mzee," nikamsalimu kutoka juu.

"Chamgei. Shuka, utaanguka, na Askofu hatakuja kuzindua kaburi."

Nikashuka. Nikamwambia yote nikiwa bado nimeshika ngazi. Roli la waya, msumari, bati, mvua na bomba la tangi, kamba yangu ya nguo. Alisikiliza akiangalia kibati chenye jina la Kiptum. Nilipomaliza akakaa kwa benchi lile lile nililokaa Alhamisi.

"Una hakika?"

"Panda uone."

"Mimi goti langu halipandi." Akazungusha kofia mkononi. "Miaka kumi na tisa."

"Mashine ya zamani haikujali, Mzee. Mweusi wake ulikuwa umelala tu. Hii ina nyaya mbili zinazofanya kazi, na mmoja tumeufunga kwa paa."

"Mwite huyo Mkisii."

"Ana jina."

Akanitazama. Sijawahi kumjibu hivyo, tangu tukiwa watoto wa shule moja.

"Mwite Ratemo," akasema.

Ratemo alifika saa tano na mashine mgongoni. Nilimwonyesha ngazi, nikamwona akiingiza kichwa darini. Akakaa huko juu muda mrefu kuliko kazi ya kuangalia msumari. Tuliona miguu yake tu, kiatu kimoja kimeshonwa kwa waya.

"Mwalimu," akasema huko juu, pole pole.

Aliposhuka, vumbi lilikuwa usoni, na hakulipangusa. Nilimwambia nimeleta waya wa nyumbani, nimeukata asubuhi, uko kwa ndoo. Akauinua, akaukunja, ngozi ikavunjika mkononi mwake.

"Huu hauwezi, Mama. Nyaya mbili lazima zifanane, urefu mmoja, unene mmoja. Mmoja mzee na mmoja mpya ni kurudi pale pale." Akaurudisha ndani ya ndoo kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe. "Nimekuja na pacha mpya."

Alifanya kazi mpaka saa tisa. Aling'oa msumari, akaukata mwekundu wa zamani pia, akapeleka waya pacha uliosokotwa kwa kila honi, na zote zikaanzia kwa pete nyeusi nyuma ya mashine. Nilikuwa chini ya ngazi, nikihesabu mizunguko naye. Saba kwa zote, pamoja, upande mmoja. Alipowasha, Mzee Kipkoech alishika maiki akaivuta mdomoni, na tulichosikia nje kwa honi ni pumzi ya mzee mwenye kifua. Ilikuwa hiyo tu. Hakuna nyuki.

"Aah," akasema, na mlima wa ng'ambo ukamrudishia.

Akazima. Akavaa kofia yake.

"Basi imeisha," akasema. "Kesho sitataja jina la mtu yeyote. Ratemo, umefanya kazi nzuri. Na hii ya Kiptum ibaki baina ya sisi watatu. Yeye amelala. Kumwamsha kutasaidia nani?"

Ratemo alikuwa anakunja vifaa vyake, macho chini. "Ni sawa, Mzee," akasema.

Haikuwa sawa. Nilikuwa nimeona ile redio ikitoka na nyaya zinaning'inia. Mzee angenyamaza kesho, lakini Molly hakuwa amenyamaza tangu Alhamisi. Watu wangesikia mashine inaimba na kusema, alilazimishwa akatengeneza alichokuwa ameharibu.

"Molly alishawaandikia watu," nikasema.

"Molly ataandika kingine wiki ijayo," Mzee akajibu, na kutoka.

*

Jumapili tulijaa kama alivyosema. Hema mbili nje, watu kutoka Roret na hata Sigor, na Askofu katika kiti kilichowekewa kitambaa. Ratemo aliketi karibu na mlango, mahali pangu, kwa sababu hakuna aliyempisha mbele. Benchi lake lilikuwa na nafasi ya watu wawili upande wake, na watu walikuwa wamesimama nje.

Katika kanisa letu, kabla ya mahubiri, akina mama hupewa nafasi ya ushuhuda, na yeyote anaweza kuinuka. Kwa kawaida mimi siinuki. Mama wa Kapkatet alishukuru kwa mjukuu. Mwingine alishukuru kwa ng'ombe. Miguu yangu ilikuwa haijatulia tangu wimbo wa kwanza. Nilikuwa nakanyaga sakafu kama mtu aliyesimama juu ya siafu. Molly, akiwa na maiki, akauliza kama kuna mwingine.

Nikainuka. Mzee Kipkoech aliona, na kichwa chake kikasema hapana.

Nilichukua maiki kwa Molly. Ilikuwa ya moto kutoka mkononi mwake.

"Bwana asifiwe," nikasema, na sauti yangu ikatoka huko nje, ikateremka kwa mashamba ya chai, wazi, kila herufi. Sikuwa nimewahi kujisikia hivyo. Nilitamani kwa sekunde moja ule mngurumo wa nyuki urudi, unifunike.

"Mnanijua. Mimi ni mke wa Kiptum aliyeweka spika za kanisa hili. Alipewa waya wa kutosha kwa honi zote. Aliweka nusu. Nusu nyingine aliniletea, na nimeanikia nguo miaka kumi na tisa. Mimi nilishika ngazi, kwa hivyo nilijua. Mashine mpya haikuwa mbovu. Ilikuwa imefungwa kwa bati, na hayo ni makosa ya nyumba yangu. Ratemo aliambiwa ni mwizi. Hakuiba kitu. Jana alirudia kazi yote ya mume wangu. Yeyote aliyechukua redio yake kutoka kwa meza ya Ratemo, airudishe, na amwombe msamaha. Mimi naanza." Nikageuka kwa mlango. "Ratemo, nisamehe. Nilijua tangu Alhamisi, nikakaa siku mbili."

Ratemo alikuwa ameinamisha kichwa. Askofu alikuwa anamtazama Mzee Kipkoech, na Mzee Kipkoech alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha mvua ikaanza. Matone machache, kisha yote kwa mara moja, vile mvua ya huku hufanya bila kubisha. Nilibaki na maiki mkononi. Niliona watu wakiinua nyuso kwa dari, wote, hata wa nje waliokuwa wakisogea ndani ya hema, kwa sababu wote walijua kinachofuata. Nilisikia mfereji ukijaa. Nilisikia maji yakianza kuanguka ndani ya tangi, yale ya kwanza yenye kelele, kisha yale mazito.

Tukangoja. Taa ilibaki ya kijani.

"Na Bwana asifiwe tena," nikasema, na honi zikasema nami, juu ya mvua.

Nikamrudishia Molly maiki. Alikuwa amekunja midomo, na nilijua kuna kitu kinasukuma nyuma yake. Alijizuia mpaka nilipompita, kisha akainama sikioni mwangu, maiki ameiweka mbali kifuani.

"Mama Winny. Sasa nguo utaanika wapi?"

"Kwa miiba," nikamwambia.

Nikaenda mpaka mlangoni. Ratemo akajisogeza, nikakaa kando yake, kwenye ile nafasi ya watu wawili. Ikabaki ya mmoja. Muda kidogo Mzee Kipkoech akainuka kutoka mbele, goti lake likimwuma, akatembea kanisa lote mpaka kwetu, na kila mtu akamwona akikaa.